Waulize kwanza maji yao yanatoka wapi: kuosha chini ya pikapu kabla ya kuchomelea, Jomvu

Ukitafuta pahala pa kuosha chini ya gari hapa Mombasa kabla ya kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea au wa rangi, usianze kwa kuuliza bei wala mashine. Anza na maji. Waulize maji yao yanatoka wapi, kisha kinga kidogo kwenye kiganja uonje. Pale Jomvu nilikoipeleka Hilux yangu niliuliza, nikaonja, na jibu walilonipa ndilo lililonifanya niwaachie ufunguo.

Bango lao halina jina. Limeandikwa kwamba wanaosha magari, injini, mazulia na chini ya gari, basi. Utawajua kwa matangi mawili ya plastiki yaliyopandishwa juu ya mnara wa vyuma, moja jeusi na moja la buluu. Jeusi ni la maji ya kisima. La buluu ni la maji ya mfereji, yale yanayotoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mfereji ukikauka wananunua ya bauza. Kijana anayesimamia kazi alinieleza hivyo kabla sijamaliza swali: “Ami, sabuni na tope tunatoa kwa maji ya kisima, lakini gari linalokwenda kwa welda au kwa rangi tunalisuuza kwa tangi la buluu. La sivyo tutakuwa tumelipaka chumvi.” Nimeishi na kazi ya rangi muda mrefu, na ni wachache niliowasikia wakisema neno hilo bila kufundishwa na mtu wa gudi, pale meli zinapotengenezewa.

Kazi yangu ya zamani ilikuwa kusafisha na kupaka rangi matumbo ya meli. Siku hizi nachukua samaki Shimoni na Vanga na kuwaleta mjini. Pikapu ya samaki huoza kwa njia yake. Barafu huyeyuka njiani, maji yake yakashuka na chumvi, damu na utelezi kupitia matundu ya bodi, yakatua juu ya chesisi nyuma tu ya kebini na pale juu ya ekseli ya nyuma. Ongeza maji ya bahari yanayorushwa na magurudumu ukipanda feri Likoni bahari imejaa. Ongeza upepo wa pwani wenyewe. Ukilitazama gari kwa juu unaliona zima. Lala chini na tochi, utakuta maganda ya kutu yaliyojikunja. Gonga kwa nyundo ndogo, chuma kizima kinalia, kile kilichooza kinanyamaza.

Fundi wangu wa kuchomelea alipita chini na nyundo hiyo, akatia chaki pahala panapotaka kiraka, kisha akanirudishia gari. “Mzee, isafishe kwanza. Nikiwasha moto juu ya lami na oili chafu, hapo sitaunga chuma, nitachoma moshi tu.” Maneno yake ni ya haki. Aliyekuwa na pikapu hii kabla yangu alifuata ile desturi ya kupulizia oili chafu ya injini chini ya gari ili kuzuia kutu. Ni kweli oili hukawiza kutu, ila hupenya kwenye maungio, huvimbisha raba za bushi, na siku ya kuchomelea inakuwa balaa: joto linaigeuza gesi, gesi inatafuta njia ndani ya chuma kilichoyeyuka, na ukikata ungio lile unaona vitundu tele. Kiraka cha namna hiyo kinaweza kupendeza machoni na kikapasuka siku ya kwanza ukipakia kreti za samaki.

Nirudi kwenye chumvi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza pesa zao.

Kutu ni chuma, maji na hewa. Chumvi haihitajiki ili chuma kishike kutu, lakini ikiwapo mambo huenda mbio, kwa sababu mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Pili, chumvi ya kawaida ikikaa juu ya kitu huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Hapa kwetu unyevu wa alfajiri hupita hapo mara nyingi. Kwa hiyo gari lililoegeshwa nyumbani, bila mvua, bila kuguswa, linalowa chini usiku wote ikiwa lina chumvi. Na chumvi hiyo ikifungiwa chini ya rangi mpya, inaendelea kuvuta maji kupitia rangi yenyewe, rangi inafura malengelenge, na ukilitoboa lengelenge unakuta maji na chuma cheusi.

Wenye meli walijifunza haya kwa gharama kubwa. Mwaka 2006 shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, IMO, lilipopitisha kanuni za rangi za matangi ya maji ya uzani, yale ya kuituliza meli, kwenye meli mpya, liliweka mpaka: chumvi iliyobaki juu ya chuma kabla ya kupaka rangi isizidi miligramu 50 kwa kila mita mraba. Sasa piga hesabu pamoja nami. Tuseme maji ya kisima chako yana gramu 2 za chumvi kwa lita, kiasi ambacho ulimi unakitambua mara moja. Umeosha, umemaliza, na juu ya chuma umebaki utando wa maji wa unene wa milimita 0.1 unaokauka kwa jua. Utando huo kwenye mita mraba moja ni mililita 100 za maji. Ndani yake mna miligramu 200 za chumvi. Umelipa mtu akuoshee gari, naye ameliachia chumvi mara nne ya kile kinachoruhusiwa kwenye tangi la meli ambalo litajazwa maji ya bahari.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Jirani yangu ana matatu ya njia ya Kilifi. Aliiosha chini pahala pengine ambapo maji yote ni ya kisima, ikakauka juani, ikapakwa rangi nyekundu ya kwanza na lami nyeusi juu yake, ikawa inang'aa. Kusi halijaisha, lami ilikuwa inabanduka kwa vipande vipana, na upande wa ndani wa kila kipande umeganda kutu. Fundi wa rangi alilaumiwa sana. Mimi nilionja maji ya pale alipooshea, na sikumlaumu fundi wa rangi.

Basi, kazi ya hawa wa Jomvu.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba walitaka bodi ya nyuma ishuke. Watu wengi hupandisha pikapu juu ya shimo la zege na kuirushia maji kutoka chini, kisha wanasema tayari. Lakini kwenye pikapu ya samaki uozo hukaa juu ya chesisi, baina yake na bodi, na maji yanayorushwa kutoka chini hayafiki hapo. Walifungua boliti, mbili kati yao zikakatwa kwa grainda kwa sababu zilikuwa zimeshikana kabisa, wakaita vijana wanne na bodi ikawekwa pembeni juu ya matairi. Anayekuambia atakuoshea chini ya pikapu ya mizigo bila kugusa bodi, mlipe nusu.

Walianza kavu. Hili nalo ni la kusifu, maana maji yakitangulia, tope na kutu vinakuwa uji unaojificha kwenye kona. Tope gumu lilitolewa kwa vijiti vya mbao, maganda ya kutu kwa nyundo na patasi butu, lami ya zamani kwa kisu cha puti. Pale ambapo lami ilikuwa imekaza walitumia bunduki ya joto, ila si karibu na tangi la mafuta wala mabomba ya breki. Huko walipaka mafuta ya taa kwa brashi, wakaacha lami ilainike, wakakwangua taratibu. Nilisimama karibu nikitazama hasa sehemu hiyo. Bomba la breki la chuma lililokwisha kuliwa na kutu linaweza kupasuka kwa kuguswa na kisu, na bora lipasuke pale kuliko kwenye mteremko. Langu moja lilikuwa limebaki jembamba, wakaniita wakanionyesha badala ya kunyamaza. Nikalinunulia jipya.

Baada ya mafuta ya taa ni lazima sabuni. Wapo wanaoishia kwenye mafuta ya taa kwa kuwa chuma kinaonekana cheusi na safi, lakini mafuta hayo yanaacha utando wao wenyewe, na juu ya utando huo rangi haishiki. Hawa walitumia sabuni ya kuondoa grisi, wakasugua kwa brashi ya nailoni, wakaiacha ifanye kazi bila kuiacha ikauke. Niliuliza kama ni kostiki, ile soda kali. Yule kijana akasema waliacha kostiki kwa sababu inakula alumini. Ni kweli inakula, na kava la gia la Hilux ni alumini. Kostiki inatoa oili upesi kuliko chochote, ndiyo maana inapendwa, ila inaacha alumini imechakaa na yenye ukungu, na mikono ya vijana wanaoitumia inatia huruma.

Mashine yao ni Kärcher ya maji moto, ile yenye tanuri dogo la dizeli. Si kitu kipya duniani. Kampuni hiyo ya Ujerumani ilitoa mashine ya kwanza ya namna hiyo Ulaya mwaka 1950. Lakini hapa mjini wengi wana za maji baridi tu, na kwa grisi ya zamani tofauti ni kubwa. Maji ya nyuzi 80 hulainisha grisi ikashuka. Maji baridi yenye presha kubwa huirusha kutoka hapa ikagande pale. Presha peke yake ina madhara yake pia. Ukiielekeza kwenye beringi za magurudumu, kwenye krosi za propela, kwenye mipira ya ekseli au kwenye soketi za nyaya, maji yanapita raba na kuingia ndani, na hutajua mpaka beringi ianze kuunguruma. Vijana wa hapa walifunga alteneta na soketi kwa mifuko ya plastiki na mpira wa tyubu, wakaziba kipumulio cha difu, na kwenye magurudumu mmoja alirudi nyuma hatua mbili kabla ya kufungua maji. Mkono wake ulikuwa wa mtu aliyefunzwa.

Kisha ndani ya chesisi. Chesisi ya pikapu ni sanduku refu la chuma lenye matundu, na matundu mengine yamewekwa na kiwanda makusudi ili maji yatoke. Kwenye gari langu ya chini yalikuwa yameziba kabisa. Waliyazibua kwa waya, wakaingiza mpira mwembamba wenye kichwa kinachorusha maji kuelekea nyuma, ule wa kuzibulia mabomba ya maji machafu, wakausukuma kutoka mbele hadi nyuma na kuurudisha. Kilichotoka kilikuwa tope jekundu, mchanga mweupe wa Vanga, vipande vya kutu vipana, na magamba ya samaki kwa ukufi. Magamba ya samaki, ndani ya chesisi! Hakuna kiraka cha nje ambacho kingedumu huku ndani kuna hayo. Waliendelea mpaka maji yakatoka meupe, na hapo ndipo walipobadilisha bomba, wakafungua tangi la buluu, wakasuuza gari zima upya kutoka juu kwenda chini, ndani na nje, kwa maji mengi. Sikuona mtu akibania maji ya tangi lile, ingawa ndiyo wanayoyanunua.

Hapa niwaambie pia walioagiza gari kutoka Japani. Sheria ya Kenya haikubali gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na watu hudhani gari la miaka saba au minane lisiloijua bahari ni salama chini. Lakini kama lilitembea Hokkaido au kaskazini mwa Honshu, limepita majira ya baridi kadhaa kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili theluji isigande. Mengi ya Uingereza ni hivyo hivyo. Chumvi ile haikuachwa bandarini, iko ndani ya chesisi na kwenye mikunjo ya vizingiti vya milango. Gari kama hilo ukilishusha tu Mombasa, lioshe chini kwa maji matamu kabla hujalipaka lami mpya. Lami juu ya chumvi inaificha, haiitoi.

Kukausha walikufanya vizuri, ingawa ningependa wawe na zana bora. Gari liliegeshwa pua juu kwenye mteremko ili sanduku la chesisi litiririshe maji nyuma, kisha wakapuliza kwa kompresa kila tundu na kila ungio. Kompresa yao haina chujio la maji wala la oili, nikaona matone madogo yakitoka na hewa. Niliwaambia. Kwa kusuuza si neno, lakini kwa chuma kinachokwenda kwenye rangi, kompresa inayotema oili inakurudisha ulikotoka. Chujio si ghali, nami natumaini watakuwa nalo nikirudi.

Walipomaliza nilijipimia mwenyewe kwa njia mbili za gudi. Kitambaa cheupe kwanza: kipitishe kwenye kona, siyo kwenye uso mpana, kisha kitazame. Cha kwangu kilitoka na rangi ya kutu nyepesi, bila weusi wa oili, isipokuwa mhimili mmoja wa kukingama juu ya gia, ambao waliurudia bila kununa. Kisha maji: nyunyiza maji masafi kidogo juu ya chuma. Yakitandaa na kubaki utando mmoja, hakuna mafuta. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo hata kama macho hayaoni. Vipimo hivi havigharimu kitu, na fundi asiyependa umpime mbele yake, ondoa gari lako.

Sasa niseme lililonitia hofu, na nawaomba wanaochomelea na wanaowasafishia walisome vizuri. Kuelekea mwisho, kijana mmoja alichukua kopo la dawa ya kusafishia breki ili apulizie pale palipotiwa chaki. Nilimzuia. Makopo mengine ya dawa hiyo yana kemikali zenye klorini. Kwa kusafisha breki ni kali na nzuri, inakausha haraka haiachi mafuta. Lakini mvuke wake ukikutana na joto na mwanga mkali wa kuchomelea unageuka gesi ya fosjini. Fosjini ni ile gesi iliyoua maelfu ya askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kiasi kidogo kinatosha, na ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo, akaenda nyumbani, na mapafu yakajaa maji saa nyingi baadaye. Kioo cha welda hakizuii. Dawa ikijificha kwenye mkunjo wa chuma haijakauka, fundi ataamini pamekauka. Soma kopo: ukiona neno linaloanza kwa “tetrachloro”, “perchloro” au “trichloro”, hilo lisikaribie gari linalokwenda kuchomelewa. Tumia lisilo na klorini, au asetoni, na uache ikauke kabisa na hewa ipite, maana hizo nazo zinashika moto.

Yule kijana hakuwa anajua, na hakuna aliyemwambia. Msimamizi alilichukua kopo akaliweka kando ya duka, akasema wataandika kwa kalamu ya rangi juu ya kila kopo la namna hiyo. Nilifurahi kwa jinsi alivyosikiliza. Lakini pahala panapojitangaza kwa kazi ya kabla ya kuchomelea pangekuwa panalijua hili tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisiwape alama zote.

Sababu ya pili ni mtaro. Yale mafuta ya taa, oili chafu na lami vyote viliteremka na maji hadi mtaro wa barabara, na mtaro huo mwisho wake ni mikoko na bahari. Nanunua samaki kwa watu wanaoishi kwa bahari, siwezi kulitazama hilo nikanyamaza. Shimo la kutenga oili, lenye kuta mbili za matofali ili mafuta yaelee upande mmoja na maji yapite kwa chini, linajengwa na fundi yeyote wa uashi. Hilo niliwaambia pia. Mama mwenye biashara alijibu kwamba kiwanja si chake na mwenyewe hataki kuchimbwe. Naelewa, ila sikubaliani.

Tatu, brashi ya waya. Walijitolea kunipitishia brashi ya kikombe ya grainda kwenye sehemu za kuchomelea, bila malipo. Nikakataa kwa heshima. Brashi ya waya juu ya kutu iliyoshika sana huipiga msasa ikang'aa rangi ya kahawia nyeusi, ukadhani ni chuma. Siyo, ni kutu iliyolainishwa, nayo haiungiki wala haishiki rangi. Hapo panataka diski ya msasa mpaka chuma kiwe cheupe, vidole viwili kila upande wa ungio, na hiyo ni kazi ya welda mwenyewe, aifanye muda mfupi kabla ya kuchoma. Kupuliza mchanga kunashinda vyote, ila mchanga mkavu wa kawaida una silika inayoharibu mapafu daima, na sijaona hapa jirani anayeifanya na vifaa vinavyostahili. Kwa pikapu ya kazi, kuosha vizuri na diski ya msasa vinatosha.

Gari lilitoka kwao saa nane mchana, nikalipeleka moja kwa moja kwa welda. Msilale na chuma kitupu kilicholowa. Kufikia magharibi wekundu mwepesi ulikuwa umeshaanza kwenye kona za ndani, na huo ni wa kawaida hapa pwani. Unatoka kwa msasa dakika chache. Welda alitoa waya za betri, akashusha tangi la mafuta akalitoa nje kabisa ya banda, akasogeza mabomba, akaweka klempu ya athi karibu na kiraka ili umeme usipite kwenye beringi na nyaya. Ndoo ya mchanga na kizima moto vilikuwa karibu naye. Nilibaki nikisikiliza. Moto wa kuchomelea ukiwa juu ya chuma safi una sauti moja inayoendelea, haukatiki wala haurushi cheche ovyo. Alipomaliza kiraka cha kwanza akakigonga ganda likatoka zima, mstari chini yake ukiwa sawa. Akanitazama akasema, “Aliyeosha hapa nimpe kazi zangu zote.” Kutoka kwa mtu huyu, ambaye kwa kawaida huwalaumu waoshaji wote, ni sifa kubwa.

Rangi tuliingojea kesho yake. Sheria ya gudi ni kwamba chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kushika, na kwa asiye na kipimo, maana yake hapa Mombasa ni usipake alfajiri wala jioni. Tulianza jua limepanda, saa nne, baada ya kufuta masizi ya kuchomelea kwa thina na kitambaa safi. Rangi ya kwanza yenye zinki, mikono miwili, kisha nyeusi. Ndani ya chesisi tulipuliza nta kupitia yale matundu waliyoyazibua, na matundu ya chini tukayaacha wazi. Bodi ilirudi na vipande vya raba chini yake ili maji yapate njia.

Kuhusu bei. Kuosha chini kwa kawaida wanatoza shilingi 800. Kazi yangu yote, pamoja na kushusha bodi, kukwangua lami, maji moto, ndani ya chesisi na kusuuza kwa maji ya mfereji, ilikuwa shilingi 6,500, na boliti mpya juu yangu. Kuna watakaosema ni nyingi kwa kuosha tu. Kiraka cha chesisi na rangi vilinigharimu mara kadhaa ya hizo, na vyote vimekaa juu ya kazi ya hao vijana. Walinipa pia grisi kwenye nipeli za krosi na za springi bila kudai, wakafuta iliyozidi.

Ukienda, nenda asubuhi, maana wakipokea malori mawili matatu huna nafasi siku hiyo. Kaskazi ndiyo msimu mzuri, hewa kavu na jua la kutosha; wakati wa masika msimamizi mwenyewe atakwambia urudi baadaye, na umsikilize. Toa gurudumu la spea na vyombo vyako kabla ya kufika. Waambie gari linakwenda kuchomelewa na uonyeshe chaki ilipo. Uliza lile kopo la breki liko wapi. Na kabla hawajafunga maji, tazama juu kwenye mnara uone bomba limetoka tangi lipi.